Mafua ya Kila Juni

Tarehe 16 Machi 1819, daktari John Bostock aliwasomea matabibu wenzake jijini London habari za mgonjwa aliyemtaja kwa herufi mbili tu, J.B. Alikuwa mwanamume wa miaka 46, mwembamba, ambaye miezi mingi ya mwaka hakuwa na la kulalamikia. Ila Juni ikiingia, macho yake yalianza kuwasha, kwanza kwenye kona za ndani, kisha jicho zima likawaka kana kwamba linachomwa kwa ncha za sindano. Baada ya macho zilikuja chafya, tena za mfululizo, moja haijamalizika nyingine imefika. Kifua kilibana, pumzi ikawa ya kutafutwa. Mwishoni mwa Julai yote yalimwacha, naye akarudi kuwa mtu kama watu hadi Juni nyingine. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipokuwa mtoto wa miaka 8.

J.B. alikuwa Bostock mwenyewe.

Leo maelezo hayo yanasomeka kama kisa cha kawaida cha mzio wa chavua, lakini mwaka 1819 hayakuwa na pa kuwekwa. Pua ikichuruzika na mtu akipiga chafya, hayo yalikuwa mafua; yakimpata wakati wa joto, basi ni mafua ya wakati wa joto. Kirusi hakikuwa kimejulikana, na chavua ilikuwa shughuli ya wataalamu wa mimea. Bostock hakuwa na kipimo chochote cha kumsaidia. Alichokuwa nacho ni kalenda. Ugonjwa wake ulikuja siku zilezile, ukakaa kwa wiki nyingi na kuondoka kwa wakati wake, ilhali mafua ya kawaida huja mwezi wowote na kumaliza kazi yake ndani ya siku saba hadi kumi. Katika miaka 150 iliyofuata, wengi wa waliosaidia kutenganisha magonjwa haya mawili walikuwa kama yeye: wagonjwa waliojichunguza wenyewe, wakianzia puani.

Hata hivyo Bostock hakuwa wa kwanza kuona kwamba kuna mafua yanayofuata majira. Miaka 900 hivi kabla yake, Abu Bakr al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy ulio jirani na Tehran ya leo, aliandika risala fupi kuhusu mafua yaliyomwandama mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi kila waridi lilipochanua. Lawama iliangukia harufu ya ua. Lakini chavua ya waridi ni nzito na hubebwa na wadudu zaidi kuliko upepo, kwa hiyo inaelekea al-Balkhi aliteswa na mmea mwingine, labda nyasi zilizochanua siku hizohizo bila mtu kuzitupia jicho. Kosa hilo la kushtaki ua linalopendeza na kuziachia nyasi lilidumu kwa karne nyingi.

Bostock naye alikosea, kwa njia yake. Alijaribu karibu kila kitu kilichokuwa kwenye mkoba wa daktari wa zama zile: kutolewa damu, dawa za kuharisha, afyuni, zebaki, kuoga maji baridi. Hakuna kilichofaa. Mwaka 1828 alirudi na ripoti ya pili, safari hii akiwa amekusanya visa 28, na akaupa ugonjwa jina la Kilatini lenye maana ya mafua ya kiangazi. Watu wa kawaida walikuwa wameshaanza kusema kwamba chanzo ni majani makavu yanayokatwa mashambani kulishia ng'ombe. Bostock hakukubali. Aliona tatizo ni joto na mwanga wa jua, na alipokaa Ramsgate, mji wa pwani kusini-mashariki mwa Uingereza, akapata nafuu. Nafuu ilikuwa ya kweli. Sababu yake, upepo wa bahari usio na chavua, haikumpitia akilini.

Kuna jambo jingine aliloliandika bila kuweza kulieleza: hakupata mgonjwa hata mmoja miongoni mwa maskini. Jambo hili liliwatatiza madaktari wa karne ya 19. Mkulima aliyefyeka nyasi siku nzima hakupiga chafya, lakini mwenye shamba, aliyepita kwa gari la farasi na leso mkononi, alirudi nyumbani macho yamevimba. Kutokana na hapo ugonjwa ukapata heshima ya ajabu. Huko Marekani, daktari George Beard alitoa kitabu mwaka 1876 akidai kwamba huwapata watu wenye mishipa ya fahamu iliyochoshwa na kazi za akili, na wapo waliojivunia kuugua. Mafua ya kawaida hayakuwahi kumpandisha mtu cheo hivyo.

Aliyeutoa ugonjwa kwenye porojo za daraja la watu na kuuweka mezani ni Charles Blackley wa Manchester. Alikuwa daktari wa homiopathi, fani ambayo wenzake wengi waliidharau, na mwenyewe alikuwa akiugua. Siku moja mwaka 1859 aligusa nyasi zilizochumwa na mmoja wa watoto na kuwekwa kwenye chombo cha maua ndani ya nyumba. Vumbi jepesi likapanda kutoka kwenye vishada vyake, na papo hapo akaanza kupiga chafya. Dakika moja kabla alikuwa mzima.

Tangu hapo hakutulia. Alijaribu kitu kimoja baada ya kingine juu ya mwili wake: joto, mwanga, gesi ya ozoni, vumbi la barabarani, hata kumarini, kemikali inayoyapa majani makavu harufu yao tamu. Kila kimoja kilishindwa kuleta ugonjwa alioujua. Ndipo akageukia chavua. Aliinusa, akaipaka jichoni, akakwangua ngozi ya mkono na kuifunga kwa kitambaa chenye maji kilichonyunyizwa chavua, huku mkono wa pili akiukwangua na kuufunga vilevile bila chavua. Mkono wa kwanza ulivimba na kuwasha; wa pili haukufanya lolote. Daktari wa leo anayemdonyoa mgonjwa matone ya chavua, vumbi na manyoya ya paka mkononi, kisha akasubiri dakika 15 aone ni wapi patavimba, anafanya kazi ya Blackley kwa sindano safi zaidi.

Lakini pua peke yake haikumtosha. Alitaka kujua chavua iko wapi na kiasi gani. Akapaka vipande vya kioo mchanganyiko unaonata, akaviweka nje kwenye usawa wa pua ya mtu aliyesimama, na baada ya saa 24 akavipeleka chini ya darubini na kuhesabu chembe moja moja. Siku iliyoongoza ilikuwa 28 Juni 1866: chembe 880 kwenye sentimita mraba moja. Kisha akafunga vioo kwenye tiara, akavirusha zaidi ya futi 1,000 angani juu ya Manchester. Mtu mzima, daktari mwenye kliniki, amesimama na kamba mkononi akirusha tiara. Majirani lazima walikuwa na la kusema. Vioo vilishuka vimejaa chavua, nyingi kuliko iliyopatikana karibu na ardhi. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini mtu aliyejifungia mjini, mbali na shamba lolote, bado aliugua. Hali yake mwenyewe aliandika kando ya hesabu hizo: chembe zikipanda, chafya zinapanda, mvua ikinyesha na chembe zikashuka, anapumua.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Charles Darwin alipelekewa nakala, akakisoma na kumwandikia. Madaktari wengi waliendelea na shughuli zao kana kwamba hakikuandikwa.

Ng'ambo ya Atlantiki, Morrill Wyman wa Harvard alikuwa na kalenda tofauti. Yeye hakuugua Juni. Ugonjwa wake ulimjia katika nusu ya pili ya Agosti na kumshika hadi baridi ya kwanza ilipoua magugu. Alichora ramani ya sehemu ambako ugonjwa haukufika, na milima ya White Mountains huko New Hampshire ikawa mojawapo. Akiwa huko salama, alipelekewa kifurushi cha gugu la Ambrosia, mmea usio na ua la kutazamika unaojiotea kando ya barabara na mashamba ya Marekani. Alikifungua, yeye na mwanawe wakanusa, na wote wawili wakashikwa mlimani palepale. Mwaka 1874, wagonjwa wa aina hiyo walianzisha chama chao katika kijiji cha Bethlehem kwenye milima hiyo, na hoteli zake zikajaa kila Agosti.

Wajerumani nao walikimbilia baharini, na hapo historia hii inapita mlangoni kwa Waswahili kwa njia isiyotarajiwa. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambamo Ujerumani iliacha madai yake Witu na kuukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar. Miongoni mwa vitu ambavyo Ujerumani ilipewa ni Helgoland, kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Kaskazini. Wanasiasa wa Berlin walikiona kama ngome ya manowari. Wagonjwa wa chavua waliona kitu kingine: kisiwa kisichofika kilomita mraba mbili, hakina mashamba ya nyasi, na upepo wake unatoka baharini pande zote. Mwaka 1897 waliunda chama chao hukohuko Helgoland. Zanzibar ilikwenda upande mmoja wa meza, na upande wa pili watu wakapata mahali pa kupumzishia pua.

Bado hakuna aliyejua ni kwa nini chembe isiyo na sumu imtese mtu mmoja na kumwacha jirani yake. Mwaka 1886, John Noland Mackenzie wa Baltimore alikuwa ameongeza utata: mgonjwa wake wa kike, aliyeugua kila alipokuwa karibu na waridi, alioneshwa waridi la bandia na bado akashikwa na mafua na kubanwa kifua. Waliodai kwamba yote ni mishipa ya fahamu walifurahi. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet wa Vienna aliandika kwamba mwili uliokwisha kukutana na kitu unaweza kubadilika na kukijibu kwa namna mpya, wakati mwingine kwa madhara, na mabadiliko hayo ndiyo aliyoyaita aleji, yaani mzio. Mwaka 1911 Leonard Noon wa hospitali ya St Mary's, London, alichapisha taarifa ya kuwachoma wagonjwa dozi ndogo ndogo za maji ya chavua ya nyasi, akizipandisha polepole. Aliamini anapambana na sumu. Nadharia ilikuwa na kasoro, tiba ikafaa, na hadi leo hutolewa.

Jaribio lililofungua mlango lilifanywa na wagonjwa wawili. Heinz Küstner hakuweza kula samaki aliyepikwa. Carl Prausnitz aliteswa na chavua ya nyasi lakini samaki alikula bila shida. Mwaka 1921 Prausnitz alijidunga majimaji ya damu ya Küstner chini ya ngozi ya tumbo, kisha kesho yake akadunga maji ya samaki mahali palepale. Pakavimba. Maana yake, kuna kitu ndani ya damu kinachobeba mzio na kinaweza kuhamishwa. Kitu hicho kilibanwa miaka 45 baadaye na Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke waliokuwa Denver, nao pia wakitumia ngozi zao wenyewe katika majaribio, na kwa njia nyingine na Wasweden Gunnar Johansson na Hans Bennich. Mwaka 1968 kikapewa jina la kingamwili IgE. Kingamwili hiyo hukaa juu ya seli zilizojaa histamini. Chavua ikitua, seli humwaga histamini ndani ya dakika chache. Histamini hugusa neva, na ndiyo maana mzio huwasha: pua, macho, hata kaakaa. Mafua ya kawaida huumiza koo na kuchosha mwili, lakini ni nadra kumfanya mtu ajikune macho.

Upande wa mafua, kazi ilianza kwa kuchelewa. Mwaka 1914 Walther Kruse wa Leipzig alichukua kamasi za msaidizi wake aliyekuwa na mafua, akazichuja kwa chujio lisilopitisha bakteria, akawatia puani watu 12. Wanne wakaugua. Akarudia kwa wanafunzi 36, wakaugua 15. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria, kinachohama kutoka pua hadi pua, jambo ambalo mzio wa Bostock hauwezi kulifanya.

Kitu hicho kilitafutwa kwa bidii karibu na Salisbury, Uingereza, ambako Christopher Andrewes alifungua kituo cha utafiti wa mafua mwaka 1946. Watu karibu 20,000 walipita hapo kabla hakijafungwa mwaka 1990. Walikaa siku kumi, wakalishwa vizuri, wakatiwa matone puani bila kujua kama ni kirusi au maji matupu. Walikatazwa kumkaribia mtu wa nje kwa chini ya futi 30. Kila asubuhi daktari alipita kuhesabu karatasi walizofutia kamasi. Wengine walihesabu mahali hapo kuwa likizo ya bure, na wapo waliorudi mara kadhaa.

Kisa cha Salisbury kinachofaa kusimuliwa kwa kila mzazi wa Kiswahili anayemkataza mtoto kunyeshewa ni kile cha soksi. Watu walioga maji ya moto, kisha wakasimama nusu saa kwenye ujia wenye upepo, wameloa, halafu wakavaa soksi mbichi. Wale waliopoozwa bila kutiwa kirusi hawakupata mafua. (Mjadala haukufa: mwaka 2005 watafiti wa Cardiff waliwachovya watu miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, na waliochovywa walilalamika mafua zaidi ya wenzao siku zilizofuata.) Kirusi chenyewe cha kundi la raino kilipatikana Marekani mwaka 1956, na mwaka 1960 David Tyrrell na wenzake wa Salisbury walifaulu kuotesha aina nyingi zaidi baada ya kushusha joto la maabara hadi nyuzi 33, joto la ndani ya pua. Leo aina zake zinazojulikana zimepita 160, na ndiyo sababu chanjo ya mafua haijapatikana.

Kufikia hapo magonjwa mawili yalikuwa yameachana kabisa kwenye vitabu. Yaliyoyarudisha pamoja ni maduka ya dawa.

Daniel Bovet wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alikuwa ameonesha mwaka 1937 kwamba histamini inaweza kuzuiwa kwa dawa, kazi iliyomsaidia kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Miaka ya 1940 dawa za aina hiyo zilifurika Marekani, na kabla muongo haujaisha zikatangazwa kuwa zinakata mafua siku ya kwanza. Watu walizinunua kwa mamilioni. Mwaka 1950 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa zaidi ya 1,000, nusu wakipewa dawa na nusu vidonge vitupu. Tofauti ilikuwa kama hakuna. Mafua huisha yenyewe, na sifa huchukuliwa na kidonge kilichomezwa siku hiyo. Tena baadhi ya waliodai kuponywa hawakuwa na mafua hata kidogo, walikuwa na mzio. Miaka ya 1980 watafiti walipima kamasi za watu waliotiwa kirusi na hawakukuta histamini imepanda. Zilizopanda ni kemikali nyingine, kinini.

Dawa hizo hazikuondoka. Klorofenamini, iliyogunduliwa zama hizohizo, ndiyo ambayo Afrika Mashariki huijua kama Piriton, na imo ndani ya vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa kuanzia Kariakoo hadi Kisumu. Hukausha kamasi kidogo na kumlaza mtu, basi. Setirizini na loratadini, dawa mpya zisizoleta usingizi sana, humtuliza mwenye mzio vizuri lakini mwenye mafua humwacha karibu vilevile alivyokuwa.

Kwenye Pwani yetu kuna ugumu ambao Bostock hakuupata: kalenda haisemi mengi. Mwaka 1964 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waligundua kwamba kinachowatesa wenye mzio wa vumbi la nyumbani ni utitiri, kidudu kisichoonekana kwa macho kinachokula magamba ya ngozi yetu ndani ya magodoro na mito. Utitiri haunywi maji, huyafyonza kutoka hewani, kwa hiyo hewa kavu huuua na hewa ya unyevu huuneemesha. Tanga, Mombasa na Unguja, iwe kusi iwe kaskazi, unyevu upo. Mgonjwa hana Juni yake. Ana mafua ya mwaka mzima, na wenzake humwambia kwamba ana pua mbovu tu.

Kwa mtu kama huyo madaktari huangalia saa badala ya mwezi: chafya kumi za alfajiri anapoamka kitandani mwake, nyingine anapokung'uta shuka au kufagia, kisha nafuu akitoka nje. Kamasi huwa nyepesi na nyeupe kama maji wiki baada ya wiki. Za mafua huanza hivyo, zikawa nzito na kijani, rangi inayotokana na kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu wala si dalili ya uhakika kwamba dawa ya kuua bakteria inahitajika. Mtoto mwenye mzio hufuta pua kwa kiganja kuelekea juu, mara nyingi kiasi kwamba hubaki na mstari mlalo juu ya ncha ya pua. Hana homa. Na daktari akiuliza nani mwingine nyumbani anaumwa, mama hujibu kwamba wenzake wote watano ni wazima, ingawa wanalala chumba kimoja.